Mimi, trekta kuukuu na marobota

Leo majani ya ng'ombe niliyoyakata na kuyaanika yamekubali kufungwa marobota. Umande ulipokauka nilishika konzi nikaisokota, na mabua yakaanza kukatika mkononi. Nikatia mengine kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi, nikatikisa: chumvi ikabaki chembechembe, haikugandana. Ingegandana, ningeendelea na kazi nyingine hadi mchana. Kwa marobota madogo napenda unyevu usizidi asilimia 18 hivi. Majani yakifungwa mabichi huota ukungu, na mbaya zaidi hujipasha moto yenyewe ndani ya ghala. Yakikauka kupita kiasi, lusani, mmea wa kulishia mifugo, hupukutisha majani yake yote na unabaki unafunga vijiti. Kati ya mabichi mno na makavu mno kuna saa chache tu, na ukiwa peke yako zinakwisha upesi sana.

Mashine yangu ya kufunga imenizidi umri. Rangi imebabuka, kutu imejipatia makazi, lakini ukiitia grisi na mafuta inafanya kazi siku nzima. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kile kidubwasha cha kufunga fundo. Robota likitimiza urefu, sindano mbili kubwa hupandisha kamba, mdomo mdogo wa chuma huzunguka mara moja, hufunguka, huuma kamba, kisu kinapita, fundo tayari. Jambo lote hilo hutokea kati ya pigo moja la pistoni inayoshindilia majani na jingine. Asili yake ni kazi ya John Appleby, Mmarekani aliyetengeneza kifaa cha kufunga miganda ya ngano kwa kamba katika miaka ya 1870. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Edwin Nolt wa Pennsylvania akaunda mashine inayookota majani shambani na kufunga robota yenyewe. Kabla ya hapo watu walikaa juu ya mashine, katikati ya vumbi, wakipitisha waya na kuufunga kwa mikono. Kwa hiyo mtu mmoja kufunga majani peke yake si ukaidi wangu, ndiyo sababu mashine hii ilibuniwa. Wanaonihurumia wakinipita barabarani hawajui hilo.

Natumia kamba ya mkonge, si ya plastiki. Vifaa hivi vya zamani vilirekebishwa kwa ajili ya mkonge. Plastiki huteleza na fundo hulegea. Tena kipande cha mkonge kikisahaulika kwenye hori, ng'ombe akikimeza hadhuriki kama anavyodhurika akimeza cha plastiki.

Trekta nayo ina tabia zake. Ni ya enzi za klachi moja: ukiikanyaga, nguvu inakatika kwenye magurudumu na kwenye shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kufunga, kwa pamoja. Lakini gurudumu zito la mashine ya kufunga halijui kwamba umekanyaga klachi. Linaendelea kuzunguka, linairudishia gia mzunguko, na trekta inasukumwa mbele huku wewe ukidhani umesimama. Ndiyo maana kwenye shafti nimefunga kiungo kinachokubali kuzunguka upande mmoja tu. Kifaa kidogo, bei ndogo, na sielewi kwa nini kuna watu bado wanafanya kazi bila hicho.

Hakuna wa kutazama nyuma, hivyo natumia masikio. Pistoni ina mdundo wake. Ukibadilika najua fungu la majani limekuwa nene au pini ya usalama imekatika. Hapo nazima injini kabisa, nasubiri gurudumu zito lisimame, ndipo nashuka. Kila mara, hata kama ni kuondoa uzi mmoja tu. Simu inakaa mfukoni mwa shati, si kwenye trekta, kwa kuwa nikibanwa chini trekta itakuwa mbali nami.

Kinachoamua ukubwa wa kazi ni mikono yangu. Mashine inaweza kutoa marobota matatu au manne kwa dakika. Mimi kila robota nalinyanyua kutoka chini hadi kwenye tela, kisha kutoka tela hadi ghalani, kilo 15 au 20 kila moja. Kwa hiyo nakata eneo ambalo nitaliingiza lote kabla ya umande wa jioni, hata jua likinishawishi vipi nikate zaidi. Safu ya chini naipanga kwa ubavu, kamba ziwe pembeni zisiguse sakafu zikaoza.

Sasa mgongo unalalamika na shingo imejaa vumbi. Nimeacha fimbo ya chuma ndani ya rundo. Kila jioni kwa wiki kadhaa nitaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, marobota yanatoka nje usiku huohuo. Kipande cha juu cha shamba bado hakijakatwa, na kabla ya kukigusa lazima ninoe visu vya kukatia na kubadilisha meno mawili ya reki yaliyopinda.