Siku Moja Maabarani: Joto Linaingia Wapi, Linatokea Wapi

Saa kumi na mbili asubuhi. Niko kwenye matatu ya Jogoo Road, baridi ya Julai inauma. Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari huku Eastlands, Nairobi. Mwalimu hufundisha, mimi huandaa.

Saa moja. Napima gramu 80 za kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) za kutengeneza lita moja ya myeyusho. Namimina punje kidogo kidogo ndani ya maji. Kamwe simwagi maji juu ya punje. Maji yalikuwa nyuzi 18, sasa yamepita 35 na hakuna aliyewasha jiko. Yasipopoa kabla ya kipindi, hesabu zote za wanafunzi zitaharibika.

Saa nne. Kidato cha Nne. Asidi ya haidrokloriki mililita 50, kostiki mililita 50, zote moli 2 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe). Zikichanganywa, kwa hesabu, joto lipande nyuzi 13 na nusu hivi. Wengi wanapata 12: kilichopungua kimeishia kwenye glasi na hewani. Kundi moja limepata joto la kilojuli 57 kwa moli, vilevile kama kitabuni, kana kwamba hakuna kilichopotea. Hao wamenakili.

Saa tano. Amoniamu kloraidi ndani ya maji, na kipimajoto kinashuka kwa kasi.

Binti mmoja anashangaa: "Madam, hii dawa inatoa baridi!"

"Baridi haitolewi, mama. Joto ndilo linachukuliwa."

Hapa huwa sina haraka. Kuzitenganisha ayoni za fuwele, yaani chembe zake zenye chaji, kunagharimu nishati. Maji yanapozizunguka ayoni hizo, nishati fulani inarudishwa. Kwa kostiki, kinachorudishwa kinazidi gharama, kwa hiyo glasi inapata moto. Kwa chumvi hii hakitoshi, na upungufu unafidiwa na maji yenyewe, glasi, hata kiganja chako. Mbolea ya CAN ukiiyeyusha kwenye ndoo hufanya vivyo hivyo, wakulima wanajua.

Saa saba, githeri. Saa tisa, kuosha vyombo.

Saa kumi na moja nafunga mlango, yule binti bado yuko koridoni. Anauliza: joto lililoingia kwenye chumvi linaweza kutoka tena?

Linatoka, chumvi ikirudi kuwa fuwele. Ijumaa nitamwonyesha kwa myeyusho wa sodiamu asetati, chumvi nyingine, uliokolea kupita kiasi: unadondosha punje moja tu, chupa nzima inaganda na kupata moto mkononi. Naitengeneza kwa siki na soda ya kuokea, kwa hiyo napitia dukani kwanza.