Kuharisha na kutapika chekechea: barafu za ORS ndizo zilizotuokoa

Kutapika na kuharisha kuliingia chekechea ya mwanangu mapema wiki ile, na kabla ya Ijumaa nusu ya darasa walikuwa majumbani. Kwenye grupu la wazazi ushauri ukamiminika: mpe Flagyl, mpe soda, usimpe chochote tumbo lipumzike. Huo wa mwisho uliniudhi kuliko yote. Mtoto anapoteza maji juu na chini, halafu umnyime maji! Soda nayo ina sukari nyingi mno, inavuta maji kwenye utumbo na kuzidisha kuharisha. Na Flagyl ni dawa ya bakteria na amiba, haiui virusi, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoharisha watoto wadogo hivi.

Mimi nilishika ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki, ambavyo anamaliza siku 10 hata kama kuharisha kumekoma. Vyote pamoja sidhani kama vilifika elfu tano.

Kazi ilikuwa kumnywesha. Kikombe alikisukuma. Kiu ilipomzidi akagugumia, yote yakarudi kwenye beseni. Nikasubiri kama dakika 10, nikaanza upya kwa kijiko cha chai, kimoja, natulia, kingine. Yakakaa, lakini usiku akachoka na kijiko, akafunga mdomo kabisa.

Ndipo nikazikumbuka barafu za kijiti. Nikamimina ORS ileile kwenye vikombe vidogo, bila kuongeza sukari wala juisi, nikachomeka vijiti, nikaweka kwenye friza. Asubuhi nikampa moja. Jamani! Akailamba, ikawa inayeyuka kidogo kidogo kwa mwendo uleule wa kijiko, na akaomba nyingine. Mchana akakojoa mkojo mwingi, umepauka, nikashusha pumzi. Angelia bila machozi, macho yangezama au ningeona damu kwenye choo, tungekuwa kwenye bajaji kuelekea hospitali.

Mdogo wake hakuugua. Sanitaiza sikuitegemea, maana kuna virusi vya tumbo visivyoiogopa, kama norovirusi. Nilinawisha kila mtu kwa sabuni na maji yanayotiririka, choo na beseni nikapiga klorini.

Alipopona nilimbakiza nyumbani saa 48, ingawa alishaanza kuruka kwenye kochi. Mwalimu akapiga simu: mazoezi ya mahafali yanaendelea, mwenzake hana wa kucheza naye. Nikamwambia, "Mwalimu, nikimleta leo, kesho huyo mwenzake naye atalala." Akakubali, akaniomba nimweleze zile barafu zinavyotengenezwa.