Tatu Mara Nne: Siku Yangu Moja na Darasa la Tatu

Saa 11:15 alfajiri. Vizibo vya soda nilivyoviosha jana vimekauka. Nakaa kwenye mkeka na kuvihesabu: 12, nafunga kwenye kipande cha gazeti, 12 tena, nafunga. Vifurushi 14, vizibo 168. Darasa langu lina watoto 68. Wakikaa vikundi vya watano watano, vinatosha.

Saa 1:10 asubuhi. Shule yetu iko wilayani Muheza, mkoani Tanga. Msimu huu wa machungwa njia nzima inanukia maganda. Watoto wako kwenye namba zao, wanafagia. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, hamjambo?"

Saa 2:00. Paredi, kisha mahudhurio. Leo wapo 65. Dawati moja wanakaa watatu, kwa hiyo madawati 21 yamejaa na wawili wanakaa peke yao kwenye la 22. Nalitazama lile dawati la wawili na kuliweka akilini.

Saa 2:20. Hisabati, vipindi viwili mfululizo. Zamani nilikuwa naanza na tebo: chati ukutani, fimbo mkononi, darasa linaimba. Mwaka juzi kijana mmoja aliimba tebo ya sita yote bila kumeza mate. Nikamwuliza, vikapu vitatu, kila kimoja kina mayai sita, jumla mayai mangapi? Akageuka kutafuta jibu kwenye chati. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuimba. Tangu siku ile tebo huja mwisho.

Leo ninaandika ubaoni 3 × 4. Tunasoma pamoja: tatu mara nne. Nawauliza, tatu, mara ngapi? Mara nne! Haya, weka tatu. Weka tatu tena. Na tena. Na tena. Kiswahili chenyewe kimeshawaeleza la kufanya, ila tumezoea kulipita neno "mara" mbiombio.

Kikundi cha dirishani kimepanga nne, nne, nne. "Mwalimu, hawa wamekosea!" Sisemi kitu. Natoa trei tupu la mayai. Tunahesabu: mistari mitano, kila mstari vishimo sita, jumla 30. Naligeuza upande. Sasa mistari sita, kila mstari vitano. Kimya kidogo, halafu mtoto wa mbele anasimama kabisa: "Ni lile lile, mwalimu! Halijaongezeka!" Wa dirishani wanatabasamu.

Saa 4:00. Uji. Nasimamia foleni, nakunywa wangu nikiwa nimesimama.

Saa 4:30. Mwalimu mwenzangu amenipa kipindi chake, basi naendelea na kugawanya. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu alama ni moja na kazi ni mbili. Ukisema 12 ÷ 3, unaweza kuwagawia watu watatu, moja wako, moja wako, mpaka vizibo viishe, kila mtu apate vinne. Au unaweza kufunga mafungu ya tatu tatu, upate mafungu manne. Jibu ni lile lile, lakini mikono haifanyi kazi ile ile. Mtoto aliyeonyeshwa moja tu huikuta ya pili kwenye swali la maneno na kudhani ni kitu kigeni.

Nimekuja na machungwa 20. Namwita binti wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijamsikia akijibu swali la hesabu. Mama yake anauza machungwa stendi. Namwambia, panga mafungu ya nne nne. Hahesabu hata moja. Mkono wa kulia unashika mawili, wa kushoto mawili. Matatu yanakaa chini, moja linapanda juu. Fungu. Jingine. Jingine. Mafungu matano, haraka kuliko mimi ningeweza.

"Mama akiwa na haya, anauza mara ngapi?"

"Mara tano."

Naandika 20 ÷ 4 = 5, na chini yake 4 × 5 = 20. Anaangalia ubao, anaangalia machungwa. "Kumbe ndiyo hii?"

Ndiyo hii, mwanangu.

Saa 7:00 mchana. Nasahihisha madaftari. Mmoja ameandika 12 ÷ 3 = 9. Kalamu nyekundu imeshafika, naizuia. Ametoa. Hajakosa mbali: amechota fungu moja la tatu, akaishia hapo. Angeendelea kuchota mpaka 0, angehesabu mara nne. Namwita, tunachota pamoja kwa vizibo.

Mwenzangu wa meza ya pili ana wasiwasi: upimaji wa darasa la nne hausubiri vizibo. Namwelewa. Nasi tutakariri, tena kwa bidii, tukianza na tebo ya 2, ya 5 na ya 10. Lakini nataka mtoto akisahau saba mara nane awe na pa kuanzia: saba mara saba anaijua, anaongeza saba moja.

Saa 11:00 jioni. Chini ya mwembe wazee wanacheza bao. "Shikamooni." "Marahaba, mwalimu." Naomba kuazima bao la kujifunza kwa siku moja. Mistari minne, kila mmoja mashimo manane: 32. Kete 64, mbili mbili kila shimo, haibaki hata moja. Mzee ananihesabia kete zote mkononi kabla ya kuniachia, na anataka zirudi 64.

Saa 3:00 usiku. Andalio la somo. Kesho ni baki. Nitaanza na lile dawati la wawili.