Nilivyolainisha maji ya Munich ili nipike Helles

Kwa anayeishi Munich na kupenda kupika bia nyumbani, Dunkel, bia nyeusi ya Kijerumani, ndiyo njia nyepesi. Maji ya bomba, ambayo mengi hutoka bonde la Mangfall, hutufikia bila klorini na ni matamu kunywa. Ila ni magumu na yana ualkali mwingi, yaani nguvu ya kuzima asidi: birika halichelewi kufanya ukoko mweupe. Kimea cheusi (kimea ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kina uchachu wake unaopunguza ualkali huo, na ndiyo sababu mji huu ulijulikana kwa bia nyeusi muda mrefu kabla ya kiwanda cha Spaten kutoa Helles mwaka 1894. Mimi nilitaka Helles, bia ya rangi ya dhahabu isiyo na uchungu mwingi wala pa kuficha kasoro.

Ukitaja kurekebisha maji, wengi hukimbilia chumvi za kuongeza. Kwa bia laini namna hii naona kazi kubwa ni kupunguza.

Nilianzia kwenye vipimo ambavyo shirika la maji hutangaza. Kwa kukadiria, kila lita ina miligramu 80 za kalsiamu, 20 za magnesiamu na 300 za bikabonati, ambayo ndiyo inayoleta ualkali. Salfeti na kloraidi ni chache mno. Mwanasayansi wa bia Mjerumani, Paul Kolbach, alionyesha kwamba sehemu ya ualkali hujifuta yenyewe, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu zikikutana na fosfeti za kimea hutoa asidi. Unachukua ualkali, unatoa ugumu wa kalsiamu uliogawanywa kwa 3.5, kisha wa magnesiamu uliogawanywa kwa 7. Kwangu, kwa digrii za Kijerumani (kipimo cha ugumu wa maji), ni 13.8 toa 3.2 toa 0.7: ualkali unaobaki ni karibu 10. Kiasi hicho hupandisha pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu unazidi) ya uji wa kimea, yaani kimea kilichochanganywa na maji moto, kwa takriban 0.3. Kimea cha Pilsner, kile cheupe, kwenye maji yasiyo na chumvi chenyewe hukaa karibu 5.7 au 5.8, kwa hiyo ningegonga 6, nami nataka 5.4 au 5.5. pH ikiwa juu hivyo, uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hukwaruza koo na maganda ya shayiri hutoa ukakasi kama wa chai iliyokaa mno.

Kuchemsha maji na kuacha chokaa itulie chini kunasaidia, lakini bikabonati inayolingana na magnesiamu haianguki kirahisi, na gesi inalika. (Walioko Arusha wasihangaike na njia hii: maji mengi ya huko ualkali wake ni wa sodiamu, yachemshe utakavyo hautashuka.) Nikachagua kuzimua: theluthi moja ya maji ya bomba, theluthi mbili za maji ya mashine ya osmosisi, inayochuja karibu chumvi zote. Bikabonati ikashuka hadi 100 hivi, kalsiamu ikabaki 27.

Hapo ndipo chumvi inapoingia, tena kidogo. Kwa lita 28 naweka gramu 1.4 za kloraidi ya kalsiamu. Kalsiamu inafika 40 na kloraidi inaipa bia utamu wa mviringo mdomoni. Chumvi hii hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa hufungwa mara moja, na mizani iwe ile ya sonara. Jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, siweki kabisa. Salfeti hukausha ulimi na kuutanguliza uchungu, jambo zuri kwa Pilsner ya kaskazini, si kwa Helles.

pH iliyobaki nainyoosha kwa Sauermalz, kimea kilichochachushwa kwa bakteria wa asidi ya laktiki, ambacho wapishi wa hapa hukipenda kwa sababu hakivunji Reinheitsgebot, sheria ya Kijerumani ya usafi wa bia. Asilimia 1 ya kimea chote hushusha pH kwa karibu 0.1. Kwa kilo 4 natia gramu 120, nachota kidogo baada ya dakika kumi, napooza hadi nyuzi 20 ndipo napima. Inasoma 5.5, wakati mwingine chini yake kidogo.

Maji ya kusuuzia makapi nayo hutoka kwenye mchanganyiko huohuo, nikiyaongezea matone ya asidi ya laktiki hadi pH ishuke chini ya 6, kwa sababu mwishoni, utamu ukishapungua, ndipo maganda hutoa ukakasi kwa urahisi zaidi.