Kilo zilirudi, misuli haikurudi: uzoefu wangu baada ya kupandikizwa figo

Nilipokuwa nasafishwa damu, kilo zilizoongezeka kati ya awamu moja na nyingine zilikuwa maji tu. Baada ya kupandikizwa figo, hesabu hiyo ikavurugika. Prednisoloni, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, ilinipa njaa ya ajabu: natoka mezani nimeshiba, muda si mrefu nafungua friji tena. Uso ukajaa, tumbo likachomoza, ila mapaja yakazidi kusinyaa. Kupanda ngazi, lazima nishike ukuta. Watu wakanisifu kwamba nimenawiri (mgonjwa wa figo akinenepa, kila mtu hufurahi).

Daktari wangu hakunisifu. Alichukua utepe akanipima kiuno, akanieleza kuwa dawa hiyo hula misuli, hasa ya mapaja na mabega, na kulimbikiza mafuta tumboni. Mizani haitenganishi vitu hivyo viwili. Tafiti za watu waliopandikizwa figo zimeonyesha kuwa kiuno kipana na misuli haba huendana na vifo zaidi. Wengi huondoka kwa maradhi ya moyo, figo ikiwa bado inachapa kazi.

La kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, ndilo lililonifungua macho. Hutokana na misuli, kwa hiyo ikishuka kwenye damu huenda ni misuli iliyopungua, wala figo haijawa bora zaidi. Ndiyo maana niliagizwa kukusanya mkojo wa saa 24, kazi ya kuchosha, ukitembea na dumu kama muuza mafuta ya taa. Kreatinini iliyomo humo hukadiria wingi wa misuli.

Kidonda kilipopona na ruhusa ikatoka, nikaanza kukaa na kusimama kwenye kiti, mikono nimeikunja kifuani. Mapaja yaliwaka moto! Baadaye nikaongeza mikanda ya mpira. Protini niliiogopa, maana kabla ya kusafishwa damu nilibanwa nayo. Mtaalamu wa lishe akanipangia kiasi cha kila mlo. Vinywaji vitamu nikaviacha, kwa kuwa prednisoloni na takrolimasi (dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo) zote hupandisha sukari kwenye damu. Dozi sikuigusa, kliniki ndiyo iliyoishusha, maana ukijipunguzia mwenyewe mwili unaweza kuikataa figo.

Siku hizi maendeleo nayapima kwa utepe kiunoni, asubuhi kabla ya kula. Mizani nimeibakizia kazi moja: uzito ukipanda ghafla na miguu ikavimba, hayo si mafuta, napiga simu kliniki siku hiyohiyo.