Sitaha inayovuja kwenye mashua ya tanga ya mtumba: nilivyoifanya kazi tundu kwa tundu

Ukinunua mashua ya tanga ya faibaglasi ambayo imeshatumika miaka ishirini au thelathini, kagua sitaha kabla ya kukagua matanga. Tanga huchakaa mbele ya macho yako. Sitaha huoza ndani kwa ndani huku juu ikiendelea kung'aa, na ukija kugundua, gharama ya matengenezo inaweza kuwa imeshaipita bei ya mashua yenyewe. Naeleza hapa jinsi nilivyoifanya kazi hii kwenye mashua ya futi 28 yenye kiini cha balsa (mbao nyepesi sana), pamoja na sababu ya kila hatua.

Sitaha za aina hii zina tabaka tatu: ganda la juu la faibaglasi lenye unene wa milimita 3 au 4, kiini chepesi cha milimita 10 hadi 20, kisha ganda la chini ambalo mara nyingi ni jembamba kuliko la juu. Kiini huwa ni balsa, plaiwudi au povu gumu. Maganda mawili yakishikana barabara na kiini, sitaha inakuwa ngumu bila kuwa nzito. Kiini kikioza au kikiachana na maganda, ugumu wote unapotea. Balsa hupangwa nyuzi zikiwa zimesimama wima, kwa hiyo maji hutambaa polepole kwenda pembeni. Plaiwudi ni mbaya zaidi, kwani maji hufuata tabaka zake na kufika mbali na pale yalipoingilia.

Mlango wa maji ni matundu ya boliti. Nguzo za kamba za usalama, winchi, reli, vishikizo vya kamba za kufungia, vyote vimefungwa kwa boliti zinazopenya tabaka zote tatu, na watengenezaji wengi walitoboa tu, wakapaka silanti (dawa ya kuzibia maji), wakakaza. Silanti huzeeka na kukakamaa. Halafu nguzo ni ndefu na kitako chake ni kidogo, kwa hiyo kila mtu anayeishika akipanda anaisukuma kama wenzo, na silanti inaachia upande mmoja. Maji yakiingia hapo si lazima yafike kabini. Yanaweza kunywewa na kiini kwa miaka bila tone moja kuonekana ndani. Ndiyo maana kanuni niliyoifuata katika kazi yote ni hii: maji yakiishinda silanti, yasikikute kiini. Yakute epoksi tupu (utomvu unaoganda ukichanganywa na kigumishi), yapite moja kwa moja hadi kabini, niyaone.

Ukaguzi nilianza kwa kugonga. Mpini wa plastiki wa bisibisi unatosha. Gonga kila baada ya sentimita 5 kuanzia omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, na usikilize. Sehemu nzima hutoa mlio mkavu, mkali. Sehemu iliyooza au iliyoachana na ganda hujibu kwa sauti butu. Zungushia kila doa alama ya penseli ya nta. Ukimaliza utaona ramani, na karibu kila doa litakuwa na kifaa katikati yake. Angalia pia nyufa nyembamba za jelikoti (tabaka la nje linalong'aa) zinazosambaa kutoka kwenye vitako vya nguzo, na sitaha inayobonyea unapoikanyaga. Kama mlingoti umesimama juu ya sitaha badala ya kushuka hadi kwenye mkuku (uti wa chini wa mashua), jaribu milango ya ndani: ikianza kukwama pale waya za mlingoti zinapokazwa, huenda kiini kilicho chini ya kitako cha mlingoti kinasagika.

Kipimo cha unyevu kinasaidia, ila kinadanganywa na chuma kilicho karibu na umande, kwa hiyo sikukiamini peke yake. Jibu la uhakika ni kutoboa kutoka ndani ya kabini. Tumia ncha ya milimita 5, izungushie tepu kuweka alama ya kina ili usitokeze ganda la juu, kisha tazama kinachotoka. Balsa kavu hutoka nyeupe na nyepesi. Ya kahawia inayoshikamana na ncha imeloa. Inayotoka kama tope imekwisha. Vitundu hivi vizibe baadaye kwa epoksi.

Kujua maji yanaingilia wapi hasa ni suala jingine, maana mara nyingi yanadondokea mbali. Njia iliyonipa majibu ya haraka ni hewa. Funga madirisha na milango yote, ziba matundu ya hewa kwa tepu, elekeza feni yenye nguvu au kipulizia majani ndani ya kabini kupitia uwazi mmoja uliozibwa pembeni kwa kadibodi, kisha paka maji ya sabuni kuzunguka kila kifaa cha nje. Panapovuja patatoa mapovu. Hewa kidogo inatosha. Ukizidisha unaweza kung'oa dirisha.

Kung'oa vifaa kunahitaji watu wawili, mmoja juu na bisibisi, mwingine ndani na spana. Nati zilizojificha nyuma ya paneli utalazimika kukata tundu la kuzifikia, na baadaye kulifunika kwa kifuniko cha plastiki. Kifaa kikigoma baada ya boliti kutoka, usiking'oe kwa nguvu: sukuma kisu chembamba cha kupigia rangi chini yake, kidogo kidogo, ukizunguka pande zote. Boliti za zamani nilizitupa zote. Mpya zinagharimu kidogo kuliko kazi ya kurudia.

Sasa tundu lenyewe, na hapa ndipo penye uzito wa kazi. Kwa boliti ya milimita 6, njia rahisi ni kupanua ganda la juu na kiini kwa ncha ya milimita 12 au 13, ukiacha ganda la chini zima. Kwa vifaa vinavyobeba mzigo mkubwa napenda zaidi kuacha maganda yote mawili kama yalivyo na kukikwangua kiini kati yake. Chukua ufunguo wa pembe sita (Allen), kata mguu wake mfupi ubaki kama milimita 10, unoe ncha yake, ufunge kwenye drili na uuzungushe taratibu ndani ya tundu. Utasikia balsa ikikatika, na ncha ikigusa faibaglasi mlio unabadilika. Nyonya vumbi kwa mashine ya kufyonza, rudia hadi vumbi litoke kidogo sana. Kama balsa ya ukingoni ina unyevu kidogo tu, iache ikauke kabisa chini ya taa ya joto kabla ya kuendelea. Epoksi haishiki kiini kilicholoa.

Ziba upande wa chini kwa tepu imara. Changanya epoksi kwa uwiano uleule ulioandikwa na mtengenezaji. Kuongeza kigumishi hakuharakishi kazi, kunaiacha laini milele. Kwanza mimina epoksi tupu, isiyo na unga, hadi tundu lijae, iache dakika kumi, kisha ifyonze kwa bomba la sindano. Nyuzi za balsa zitakuwa zimeshakunywa kiasi zinachohitaji. Bila hatua hii, balsa itainyonya epoksi nzito na kuacha mapengo kwenye mpaka wake. Baada ya hapo changanya epoksi na unga wa silika hadi ikae juu ya kijiti bila kudondoka, uisukume ndani kwa bomba la sindano kuanzia chini kwenda juu ili hewa itoke. Tundu lililokwanguliwa hivyo kwenye kiini cha milimita 16 hula mililita 8 hadi 9, kwa hiyo kwa nguzo yenye boliti nne nilichanganya mililita 40. Usichanganye nyingi kwa pamoja. Epoksi ikiganda hutoa joto, na chombo kilichojaa kinaweza kufuka moshi. Tundu kubwa lijaze kwa awamu.

Iache igande kama inavyotakiwa, kwa kawaida siku nzima kwenye joto la kawaida. Juu yake kunaweza kubaki utando kama nta. Uoshe kwa maji na dodoki gumu kabla ya msasa, la sivyo msasa utausambaza tu na rangi haitashika. Sawazisha kwa msasa namba 80, kisha toboa katikati ya epoksi kwa ncha ya milimita 6.5. Mwisho, panua mdomo wa tundu kwa juu kwa ncha ya pembe (inayochimba umbo la koni), kina cha milimita 2 hivi. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ya lazima: kwenye kifuko hicho silanti inabaki nene kuzunguka shingo ya boliti hata baada ya kifaa kukazwa, badala ya kukamuliwa yote ikatoka.

Kuhusu silanti yenyewe, kwa vifaa vya chuma juu ya sitaha nilitumia butili, mpira laini unaonata, ile ya ukanda. Haigandi, inavutika kifaa kinapotikisika, na siku ukitaka kukiondoa hutahitaji nyundo. Isitumike chini ya mstari wa maji, wala kuzunguka mdomo wa tangi la mafuta, kwa kuwa mafuta huiyeyusha. Hapo polisalfaidi inafaa. Polisalfaidi nayo isiguse madirisha ya akriliki au polikaboneti, itayaharibu. Poliyurethani inashika mno kwa kitu utakachokifungua tena. Silikoni ya kawaida niliiondoa kila nilipoikuta, kwani inaacha mabaki ambayo hakuna rangi wala gundi inayoyashika, na asetoni peke yake haiyamalizi. Inabidi yasuguliwe kwa msasa mpaka yaishe.

Finyanga butili iwe kamba nyembamba, izungushe shingoni mwa kila boliti, chini ya kichwa, kisha tandaza ukanda kwenye kitako chote cha kifaa. Kishushe mahali pake. Wakati wa kukaza, aliye juu ashike boliti isizunguke kabisa, na wa chini ageuze nati. Boliti ikizunguka inachana ile butili ya shingoni. Kaza hadi butili ianze kuchungulia pande zote, halafu simama. Inatoka polepole, kwa hiyo rudi kesho yake ukaze robo mzunguko, na tena siku zinazofuata, hadi iache kutoka. Kata ziada kwa kisu cha plastiki.

Chini ya nguzo na vishikizo, washa ndogo (pete bapa za chini ya nati) hazitoshi. Niliweka mabamba ya faibaglasi ngumu yenye unene wa milimita 6, makubwa kuliko kitako cha kifaa kila upande, pembe zikiwa zimeviringwa ili zisikate ganda la chini. Pasipo sawa, lalisha bamba kwenye epoksi nzito ili liguse kote.

Mabamba ya waya za mlingoti, yaani vipande vya chuma vinavyopita kwenye sitaha na kushika waya zinazosimamisha mlingoti, ni jambo la peke yake, maana yakikatika mlingoti unaanguka. Chuma kisichoshika kutu kinajilinda kwa hewa. Kikizungukwa na silanti iliyoloa, ndani ya mwanya wa sitaha, hewa hakuna, na kinaliwa kwa vishimo mahali ambapo jicho halifiki. Sehemu ya juu inang'aa, ya chini inang'aa, na ile sentimita moja iliyo ndani ya sitaha imebaki nusu. Yatoe yote, moja baada ya jingine. Kabla ya kulegeza waya, funga henza (kamba ya kupandishia tanga) imara kwenye ukingo wa upande huohuo ili ishike mlingoti. Safisha bamba, ling'arishe, likague kwa kioo cha kukuzia na rangi ya kupenyeza inayoonyesha nyufa. Ufa wowote au kishimo kinachoshika ukucha, tengeneza jipya la chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Mwanya wake kwenye sitaha ukwangue na kuujaza epoksi kama yale matundu, ila epoksi isishike chuma: bamba linacheza kidogo likivutwa na upepo, na kiungo chake lazima kibaki laini. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande na uijaze butili.

Pale kiini kilipokuwa kimeshaoza, kutoboa vitundu na kumimina epoksi hakusaidii. Maji hayatoki kupitia vitundu hivyo. Ganda lazima lifunguliwe. Nilikata kutoka juu kwa msumeno wa mviringo uliopimwa kina cha ganda tu, nikalitoa zima ili lirudi mahali pake. Kung'oa balsa iliyooza kwa patasi ni rahisi. Ile inayogoma kutoka ni nzima, na hapo ndipo pa kusimamia. Sugua ganda la chini kwa msasa namba 60, lifute kwa asetoni, paka epoksi tupu pande zote za balsa mpya, ilalishe kwenye epoksi nzito, funika kwa nailoni na uweke mifuko ya mchanga. Ganda la juu lirudishe kwa namna hiyohiyo. Kiungo chake kichongwe mteremko wa 12 kwa 1, yaani ganda la milimita 3 linahitaji milimita 36 kila upande wa mkato, kisha kijazwe vipande vya kitambaa cha faibaglasi vinavyoongezeka upana. Vaa glavu za nitraili na barakoa ya vumbi muda wote. Epoksi ikikugusa ngozi, osha kwa sabuni. Asetoni huipenyeza ndani zaidi, na mzio wa epoksi ukishakushika hautoki.

Baada ya kupiga bisho (kusafiri kukabili upepo) saa kadhaa kwenye upepo mkali, sitaha ikiwa imeoshwa na mawimbi, fungua paneli na upitishe karatasi ya tishu kavu chini ya kila nati. Ikiloa, legeza, inua kifaa, badilisha butili. Tundu la epoksi liko tayari chini yake, na kiini hakijaguswa.