Akida amesimama: kumbukumbu ya riwaya yangu ya Umatumbi

Sura ya sita imekamilika, na kwa mara ya kwanza tangu nianze riwaya hii akida wangu, ofisa mwenyeji anayesimamia vijiji kwa niaba ya serikali ya Wajerumani, anatisha bila kupaza sauti. Wanaofuatilia mradi huu wanajua kwamba hadithi inapita katika vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa, kuanzia msimu wa pamba wa 1903 hadi mwisho wa Julai 1905, pamba ilipong'olewa Nandete na Vita vya Majimaji vikaanza. Wanajua pia kwamba kilichonikwamisha muda wote huu si utafiti wala lugha ya zama zile, bali ni mhusika mkinzani.

Rasimu za mwanzo zilimchora akida kuwa mtu wa kiboko: anafika, anafoka, anaamuru hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, anaondoka. Mhusika bapa wa aina hiyo hamsumbui msomaji, kwa kuwa hakuna msomaji anayejiona ndani yake. Rasimu zilizofuata zikampa mambo ya kumtetea, yaani baba aliyefilisika biashara ya misafara ilipoanguka, mtoto mgonjwa, na bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, anayetishia kumvua cheo. Hapo tatizo likahamia upande wa pili na likawa zito zaidi, maana wasomaji wangu wa kwanza walianza kumhurumia akida na kumsahau mtu aliyelazwa kifudifudi uwanjani. Kila sababu niliyoiongeza ilipunguza uzito wa tendo. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu watu wale si wa kubuni tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivyo, na katika simulizi zile pamba na kiboko haviachani. Siko tayari kuwapunja wazee hao ili mhusika mmoja apate kusifiwa kuwa ni duara, yaani mwenye sura nyingi kama mtu halisi.

Ndiyo sababu nimeyaweka kando yale madodoso ya kuwajenga wahusika ambayo waandishi wengi huyajaza kabla ya kuanza: anaogopa nini, aliumizwa na nani utotoni, anatamani nini. Madodoso hayo yanafaa kwa mhusika ambaye siri yake iko ndani ya nafsi. Uovu wa akida hauko huko. Uko katika kazi yake ya kila siku, na mpaka niielewe kazi hiyo kwa vipimo vyake, huzuni yoyote ya utotoni ingebaki kuwa pambo.

Basi nilinunua kaunta buku na kuandika daftari la akida kwa mkono: majina ya wanaume, idadi ya nyumba, rupia 3 za kodi kwa kila nyumba, na siku za kazi katika shamba la pamba la jumuiya. Mpango ule wa gavana von Götzen ulioanza mwaka 1902 ulimtaka kila mwanamume afanye kazi siku 28 kwa mwaka, na mapato yagawanywe kati ya wafanyakazi, jumbe (mkuu wa kijiji) na chombo cha serikali cha kuuza pamba. Katika wilaya ya Dar es Salaam malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, na watu wakakataa kuyapokea. Mambo haya nilikuwa nayajua kabla, lakini kuyajua ni tofauti na kuyapanga katika mistari. Programu za waandishi zenye kadi za kuburuta zina faida zake, ila kadi zake hazina mwisho. Kila mhusika mpya hupata nafasi bila kumsukuma mwingine. Ukurasa wa kaunta buku una mistari iliyohesabiwa. Nilipotaka kumwondoa mtu mmoja katika orodha, ilinibidi niandike mwingine mahali pake, kwa kuwa boma, yaani makao ya serikali ya wilaya, limetaja idadi na idadi haibishaniwi.

Hapo ndipo akida aliposimama. Mjane anakuja jioni kuomba kijana wake wa pekee aachwe alime shamba la nyumbani. Akida anamkubalia kwa moyo safi, hapokei hata kuku, analifuta jina la kijana, kisha analiandika jina la mtu wa kitongoji cha mbali ambaye hajawahi kufika barazani kwake. Msimu mzima anatenda hivyo. Wenye ndugu, wenye ulimi na wenye ujasiri wa kubisha hodi wanapona. Walio kimya wanaubeba mzigo wao na wa wenzao. Naye akida anajiona kuwa ndiye mpole kuliko maakida wote wa wilaya, na hilo ni kweli. Huruma yake ndiyo inayochagua nani aumie.

Sehemu hiyo iligoma kwa muda mrefu hata baada ya wazo kupatikana. Ikisimuliwa kupitia macho ya akida, jina la pili linapita bila uzito, kwa sababu yeye mwenyewe halioni. Ikisimuliwa na msimulizi wa nje, inageuka kuwa mahubiri. Sasa sura inakaa ndani ya akili ya akida mpaka kalamu inapoinuka, akiwa bado anafurahia shukrani za mjane. Sura inayofuata inaanza kwa mtu wa kitongoji cha mbali kuitwa kazini wakati nguruwe mwitu wanaumaliza mtama wake usio na mlinzi. Kinachoziunganisha sura hizo ni jina peke yake. Nimefuta kila sentensi iliyojaribu kumwonyesha msomaji uhusiano huo.

Nimehakikisha pia kwamba akida ana njia nyingine. Katika kijiji cha jirani jumbe mmoja analiambia boma waziwazi kwamba idadi ile haiwezekani, anavuliwa cheo, anafungwa mnyororo, lakini anaishi. Bila jumbe huyo, akida angekuwa chombo tu cha Wajerumani, na chombo hakina dhamira ya kuhukumiwa. Akiwepo jumbe, kila jina linaloandikwa ni uamuzi wa mtu aliyeona kwamba kukataa kunawezekana, na aliyejua gharama yake.

Mpango wangu ulikuwa kuingia sura ya saba, Ngarambe, watu wanapomiminika kwa mganga Kinjikitile kupokea maji ya dawa yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Nimeiahirisha, kwa sababu kaunta buku limenipa swali ambalo haliniachi: akida akikimbilia pwani, daftari linabaki wapi? Linabaki kwenye jamvi la baraza, na wapiganaji wanalikuta. Jina lililofutwa litasomwa kuwa jina la mtu wa akida. Yule kijana wa mjane, aliyeokolewa kwa huruma, sasa ametiwa alama kwa huruma ileile.

Ili jambo hilo liwezekane lazima apatikane msomaji wa daftari. Akida wangu amesoma shule ya serikali ya Tanga, kwa hiyo anaandika kwa herufi za Kilatini, ambazo karibu hakuna anayezijua kijijini. Nimeamua atunze madaftari mawili: la boma kwa herufi za Kilatini, na lake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, lenye sababu fupi pembeni ya kila jina alilolifuta. Hilo la pili, kijana yeyote aliyepita chuo cha Kurani anaweza kulisoma kwa sauti mbele ya watu. Kwa hiyo narudi sura ya tatu kumwingiza kijana huyo mapema, na narudi sura ya sita kuandika sababu zile kwa mkono wa akida, moja moja, kwa ufupi na adabu ya mtu anayeamini kwamba siku moja ataulizwa na atakuwa na la kujibu.